Nifungue duka sikukuu au nifunge? Jibu kwa mwenye duka wa Mtwara

*"Nina duka la vyakula, jumla na rejareja, karibu na Soko Kuu hapa Mtwara mjini. Nina wafanyakazi wanne, kila mmoja namlipa shilingi 234,000 kwa mwezi. Tunafungua saa mbili asubuhi na kufunga saa moja usiku, siku sita; Jumapili hatufungui. Watatu ni Waislamu, mmoja ni binti wa Newala, Mkristo. Utaratibu wangu ni kwamba Idi anakaa yule binti, Krismasi wanakaa hawa watatu. Krismasi iliyopita wawili kati yao walikuwa na harusi Mikindani, nikamwomba binti akae. Alikaa kwa kinyongo, na kesho yake, tarehe 26, hakutokea. Nikamkata siku moja iwe funzo. Sasa Idi ya kumaliza mfungo inakuja, wale watatu wote wameomba ruhusa, na binti amesema hatakaa peke yake. Mume wangu anataka tufungue kwa sababu jirani wa ng'ambo ya barabara hafungi hata siku moja, anasema wateja watahamia kwake. Shemeji yangu wa Dar anasema Ulaya na Marekani maduka hayajui sikukuu. Mimi kila sikukuu nampa kila mmoja kilo mbili za mchele na shilingi 5,000, nadhani nimetimiza. Nifungue au nifunge? Na haya malipo mara mbili ninayoyasikia, yananihusu na duka langu dogo?"*

Dada yangu, umeuliza kama ufungue au ufunge, lakini nikiisoma barua yako naona kinachokukosesha usingizi ni yule binti. Wateja watarudi, hilo nitakuonyesha. Binti anaweza asirudi, na ninavyokuelewa, hutaki aondoke. Basi niruhusu nianze na lile ambalo hukuliuliza.

Siku uliyomkata, tarehe 26 Desemba, nayo ni sikukuu ya kitaifa. Ipo kwenye orodha ya serikali pamoja na Krismasi yenyewe, sawasawa na Saba Saba, Nane Nane na Mei Mosi. Binti hakutoroka kazini. Alikaa nyumbani siku ambayo nchi nzima imepewa kukaa nyumbani, tena baada ya kukufanyia kazi siku moja kabla. Mshahara wa mwezi haupungui kwa sababu ya sikukuu. Isitoshe, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara "kwa funzo" kwa uamuzi wake mwenyewe. Makato yana njia zake: sheria iseme, mahakama iamuru, au mfanyakazi akubali kwa maandishi. Kwa hiyo rudisha hiyo siku. Mpe mkononi, mwambie ulikosea tarehe, msainishane kwenye daftari la mishahara. Usingoje mwisho wa mwezi, na usiichanganye na posho ya Idi ikaonekana ni hisani yako.

Sasa hayo malipo mara mbili. Yanakuhusu. Sheria hiyo inasema mfanyakazi akifanya kazi siku ya sikukuu ya kitaifa, mwajiri amlipe mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa aliyofanya kazi. Haikusema duka kubwa wala kampuni yenye watu mia. Anayeajiri mtu mmoja wa kupima sukari anabanwa kama anayeajiri mia mbili. Na kama hujaandikiana mkataba na hawa vijana, jambo ambalo nalihisi kwa sababu hukulitaja, kukosekana kwa karatasi hakuwafanyi wasiwe wafanyakazi. Kunakuumiza wewe: likitokea shauri na ukashindwa kutoa maelezo ya ajira kwa maandishi, mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana unakuangukia wewe mwajiri.

Tuhesabu, maana watu wengi hukwama hapa. Ili kupata ujira wa saa, sheria inachukua mshahara wa mwezi na kuugawa kwa 4.333 (ndiyo idadi ya wiki katika mwezi), kisha kwa saa za kawaida za wiki. Saa za kawaida hazizidi 45. Kwa hiyo 45 mara 4.333 ni kama 195, na 234,000 ukigawa kwa 195 unapata shilingi 1,200. Hiyo ndiyo saa moja ya mfanyakazi wako. Siku ya sikukuu inakuwa 2,400. Binti alikaa Krismasi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa moja usiku. Ukitoa saa ya kula ni saa kumi, yaani shilingi 24,000. Wapo waajiri watakaokwambia nusu yake imo tayari ndani ya mshahara wa mwezi. Mimi nakushauri uisome sheria kama ilivyoandikwa, kila saa mara mbili, na uiandike hivyo kwenye mkataba ili mwakani msianze kubishana upya.

Mchele na ile elfu tano? Endelea kutoa. Kwetu mtu anayefanya kazi chini yako anategemea usimsahau sikukuu, na kilo mbili za mchele zinafika mezani kwa mama yake, zinasema neno ambalo pesa haisemi. Ila huo ni mkono wa Idi, si ujira. Ukiuita ujira, umelipa sehemu ndogo ya deni na zawadi yenyewe umeiharibu.

Kabla sijaendelea, kuna jambo jingine limejificha katika barua yako. Saa kumi za kazi kwa siku, siku sita, ni saa 60 kwa wiki. Zile 15 zinazozidi 45 ni saa za ziada, zinalipwa mara moja na nusu, na sheria imeziwekea kikomo cha saa 50 katika kila wiki nne. Zako zinafika 60. Kwa hiyo hata sikukuu zisingekuwepo, ungekuwa nje ya mstari kila mwezi. Sisemi hili kukutisha. Nusu ya maduka ninayoyajua kuanzia Lindi hadi Masasi yanakwenda hivyo hivyo, na wenyewe hawana habari. Lakini anza kupanga zamu. Watu wanne wanatosha kabisa kupishana asubuhi na jioni.

Tuje kwa shemeji wa Dar. Mwambie Massachusetts, huko huko Marekani, zipo sheria za tangu zamani zinazofunga maduka mengi siku ya Krismasi na siku ya Shukrani, ile ya familia kukaa na bata mzinga mezani mwezi Novemba. Uingereza walitunga sheria mwaka 2004 mahususi kwa ajili ya Krismasi: katika England na Wales duka lenye ukubwa unaozidi mita za mraba 280 haliruhusiwi kuuza siku hiyo. Maduka madogo yameachwa. Ujerumani wamekwenda mbali zaidi, katiba yao inazilinda Jumapili na sikukuu kuwa siku za mapumziko, na mwaka 2009 mahakama yao ya katiba iliuzuia mji wa Berlin kufungua maduka Jumapili zote nne za kuelekea Krismasi. Hata hivyo shemeji hajakosea kila kitu. Sheria kuu ya kazi ya Marekani, ya mwaka 1938, haimlazimishi mwajiri binafsi kulipa nyongeza yoyote kwa kazi ya sikukuu. Mfanyakazi wako wa Mtwara, katika hili moja, ana haki kubwa kuliko mwenzake wa huko. Mwambie shemeji na hilo.

Sheria yetu yenyewe haijakukataza kufungua. Imekupangia bei tu. Kwa hiyo swali la mumeo ni halali: je, bei hiyo inalipa?

Nimekulia nyuma ya kaunta. Mama yangu alikuwa na duka Mikindani, duka la mbao mbili za dirisha, na kila Idi aliinua ubao mmoja tu. Nilikuwa nakaa pale na kanzu mpya, naona wivu. Waliokuja walikuwa watoto. Mtoto amepewa mkono wa Idi na mjomba wake, noti imekunjwa imekuwa kama ukucha, anataka biskuti, ubuyu na chenji. Mara moja moja anatumwa mtu kiberiti au mkaa. Mchele? Hakuna. Hiliki, tambi, zabibu kavu, nazi, mafuta, vyote vilikuwa vimeshanunuliwa usiku uliotangulia, pale mwezi ulipotangazwa na mtaa mzima ukakumbuka kwa mpigo kwamba hauna mdalasini. Mama alikuwa anauza mkesha hadi sauti inakauka. Siku yenyewe alikuwa anauza peremende.

Hivyo ndivyo biashara ya sikukuu inavyokwenda kwa duka la vyakula. Pilau ya Idi haiwezi kununuliwa mara mbili. Familia iliyopanga kupika kilo tatu itapika kilo tatu, na mchele huo utanunuliwa ama jana yake au asubuhi ile. Ukifunga siku yenyewe, sehemu kubwa ya manunuzi hayapotei, yanasogea tu mkesha, mradi mteja ajue mapema kwamba utafunga. Kinachopotea kweli ni vile vya papo kwa papo: soda, maji, barafu, biskuti, kilichosahaulika. Duka la dawa ni habari nyingine, homa haijui sikukuu. Mgahawa wa stendi na kituo cha mafuta navyo ni habari nyingine, maana abiria wa Idi wapo njiani. Lakini duka lako si hayo.

Usiniamini mimi, amini daftari lako. Chukua mauzo ya Idi na Krismasi zilizopita, siku tatu tatu: mkesha, siku yenyewe na inayofuata. Zijumlishe kwa pamoja, usiitazame siku moja peke yake. Kama kuna sikukuu yoyote uliyowahi kufunga, linganisha jumla hizo. Halafu toa gharama. Ukifungua siku nzima na watu wote wanne, saa kumi kila mmoja kwa 2,400, ni shilingi 96,000 za ujira peke yake. Tuseme faida yako ni shilingi 8 kwa kila 100 unayouza. Weka ya kwako, unaijua. Basi siku hiyo lazima uuze shilingi 1,200,000 ndipo urudishe ujira, kabla ya umeme na nauli. Kwa biskuti na soda? Sina hakika kama mumeo ameipiga hesabu hiyo.

Angalizo moja katika kulinganisha, na hili ni la kwetu kusini. Krismasi inaangukia ndani ya msimu wa korosho. Minada imeanza tangu Oktoba, wakulima wameshaanza kulipwa kupitia vyama vya msingi, hata fundi baiskeli ana pesa. Idi haikai mahali pamoja. Kila mwaka inarudi nyuma kwa siku kama 11. Mwaka 2024 ilikuwa Aprili 10, uliofuata ikaangukia mwishoni mwa Machi. Hiyo ni miezi ya masika, pesa ya korosho imeshakuwa mabati na karo. Usichukue mauzo ya Krismasi ukayatumia kuamua Idi, utajidanganya.

Na jirani wa ng'ambo? Anafungua, ni kweli, lakini hujui anauza nini wala analipa nini. Huenda dukani yupo yeye na mwanawe, hana wa kumlipa mara mbili. Mteja aliyezoea kwako, anayeandikwa kwenye daftari lako la madeni, hahami kwa soda moja ya Idi. Anahama akikuta bei imepanda, au akikuta sura imenuna kaunta. Na sura iliyonuna unaitengeneza mwenyewe ukimweka mtu dukani siku asiyotaka.

Mtu anayekaa kazini siku nzima ya sikukuu anapoteza zaidi ya saa kumi. Saa saba au nane kati ya hizo hazina uzito mkubwa sana. Anaweza hata kufurahi kuzigeuza pesa. Uchungu upo katika saa mbili au tatu. Kwa Mwislamu ni swala ya Idi asubuhi, kisha kupita kwa wazee kuwapa mkono, kisha sinia la mchana. Kwa Mkristo wa Newala au Masasi ni ibada ya mkesha au ya asubuhi, na meza ya familia baada yake. Niliwahi kusimamia ghala moja nikiwa kijana, nikamweka mzee mmoja zamu ya Idi kwa sababu hakuwahi kulalamika. Saa nane mchana nikamkuta nyuma ya magunia, ameketi juu ya mizani, hotpoti ya pilau aliyoletewa na mjukuu wake ipo magotini imefunguliwa. Hajaigusa. Nikamuuliza, mzee, mbona huli? Akasema, "Hiki nilikuwa nakila na watu." Nilimlipa mara mbili, kwa mujibu wa sheria, hadi shilingi ya mwisho. Bado naikumbuka ile hotpoti.

Ndiyo maana nasema usiamue kwa siku, amua kwa saa. Na hapa niseme kuhusu utaratibu wako wa Mkristo kukaa Idi na Waislamu kukaa Krismasi. Ni utaratibu mzuri kwa nia, na pwani hii umetusaidia sana kuishi bila magomvi. Lakini kwako una kasoro mbili. Ya kwanza ni hesabu: Krismasi mzigo unabebwa na watatu, Idi unabebwa na mmoja. Tena Idi ni mbili kwa mwaka, kuna na Maulidi. Binti anaposema hatakaa peke yake hajawa jeuri, amejumlisha tu. Ya pili, umemchukulia kana kwamba Idi haimhusu. Mtwara hii? Anakaa nyumba ya kupanga yenye vyumba sita, kila mlango utampelekea sahani. Rafiki zake wote wako barabarani wamevaa. Na kwa upande wa sheria, dini ni moja ya mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kuyatumia kumbagua mfanyakazi. Kupanga likizo kwa kuzingatia ibada ni heshima. Kumbebesha mtu mmoja kila mara kwa sababu ya dini yake kunaanza kunukia kitu kingine.

Waulize. Waite wote wanne, si mmoja mmoja uani. Huenda ukashangaa. Karibu kila duka lina kijana mmoja ambaye 2,400 kwa saa inamvutia kuliko sinia, ana kodi ya chumba au anajichangia pikipiki. Aliyekubali mwenyewe hana kinyongo. Mkikosa wa kujitolea, pigeni kura, na aliyekaa Idi hii aandikwe kwamba Idi ijayo hayumo kwenye kura.

Kwa duka lako, mimi ningefanya hivi. Nguvu zote ningeziweka mkesha. Wawili waingie saa mbili asubuhi watoke saa kumi na moja jioni. Wawili waingie saa nane mchana watoke saa nne usiku, na saa yao ya mapumziko iangukie magharibi ili wanaofunga wafuturu kwa utulivu, wasimeze tende huku wanapima unga. Kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja utakuwa nao wote wanne, usiku utaongezeka wewe na mumeo. Hakuna atakayepita saa tisa za siku, kwa hiyo siku hiyo haizai saa za ziada, mradi jumla ya wiki isipite 45. Kuna nyongeza ya kazi ya usiku, ambayo kisheria inaanza saa mbili usiku, asilimia 5 ya ujira, yaani shilingi 60 kwa saa. Usicheke, ilipe, na uwalipie bodaboda, maana usiku ule usafiri ni wa kugombania.

Siku ya Idi yenyewe ningefunga asubuhi na mchana kabisa. Kama mumeo hawezi kuvumilia kufuli, fungua saa kumi jioni hadi saa mbili usiku, watu wawili waliokubali. Saa nne kwa 2,400 kwa watu wawili ni 19,200. Hapo unahitaji mauzo ya kama 240,000 kurudisha ujira, na jioni ya Idi, watoto wakiwa na pesa na watu wazima wakitafuta kitu baridi, inawezekana. Kufika saa hiyo kila mtu ameshaswali, ameshapokea na kutoa mikono, ameshakula na watu wake. Wewe mwenyewe pia, dada. Barua nzima hukuandika hata neno moja kuhusu Idi yako au Krismasi yako mwenyewe unaila wapi.

Kuna watakaokushauri uwape siku nyingine ya kupumzika badala ya malipo. Siku ya kufidia ni jambo jema na wafanyakazi wengi wanaipenda, ila sheria imetaja fedha. Toa siku kama nyongeza, isiwe mbadala wa fedha.

Halafu kuna mwezi. Hupangi Idi kama unavyopanga Krismasi. Tarehe inajulikana usiku, baada ya tangazo. Nimeona maduka yakivurugika kwa hili tu: mwenye duka amepanga zamu kwa siku moja, mwezi haukuonekana, asubuhi nusu ya watu hawapo na nusu wamekuja. Andika zamu mbili tangu mwanzo, ya mwezi ukiandama na ya mwezi usipoandama, ubandike zote ukutani. Mkesha ukirudiwa mara mbili, ile ya pili nayo ni siku ya kazi ya kawaida, wala usimlipe mtu mara mbili kwa makosa.

Ipo hali ambayo ningekushauri ufungue siku nzima: daftari lako likionyesha kwamba siku tatu zile kwa jumla zinapanda sana unapofungua, na watu waliojitolea wapo wa kutosha. Ipo pia hali ya kufunga bila kujiuliza, mfano kama hata baada ya kuwauliza, wote wanne watakuambia hapana. Duka linaloendeshwa na watu wanne walionuna linaweza kukugharimu vitu visivyoonekana kwenye daftari.

Haya yote unaweza kuyafanya mwenyewe. Lakini tafuta ushauri wa ana kwa ana iwapo binti, au mwingine yeyote, atasema anadai sikukuu za miaka ya nyuma. Kama unafikiria kumwachisha kazi kwa kukataa zamu, jambo ambalo naomba usilifanye kabla hujashauriwa, kwa kuwa kuachisha kunahitaji sababu halali na utaratibu wa haki. Au kama unataka kuandika mikataba, ambayo unaihitaji. Anza na afisa kazi wa mkoa. Watu wanamkwepa wakidhani ni wa kutoza faini, kumbe mwajiri anayekwenda mwenyewe kuuliza hupokelewa vizuri. Mgogoro ukiiva, mahali pake ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ambako huanza kwa kuwakalisha mezani kabla ya kuamua. Mfanyakazi ana siku 60 za kupeleka madai kama haya, na siku 30 kama ni la kuachishwa kazi. Nakutajia siku hizo ili ujue uzito wake, si ili ukae ukihesabu zipite.

Leo jioni mrudishie binti ile siku, na malipo ya Krismasi uyapangie tarehe mbele yake. Kesho kaa nao wote. Kisha, siku tatu kabla ya Idi, bandika karatasi mlangoni kwa maandishi makubwa: "Mkesha wa Idi tupo hadi saa nne usiku. Siku ya Idi tunafungua saa kumi jioni." Na mwambie kijana wa kaunta amsomee kila mteja anayenunua mchele, maana wengi hawasomi karatasi za mlangoni.